Fungueni Stoo: Barua ya Wazi ya Fundi wa Majengo, Dodoma

Kwa:
Mlipaji Mkuu wa Serikali,
Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia Mazingira,
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC),
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma.

YAH: VIFAA VYA UMEME NA ELEKTRONIKI VINAVYOFIA STOO

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni fundi wa redio, televisheni na kompyuta. Kibanda changu kipo Majengo, si mbali na soko, na kwa zaidi ya miaka 20 ugali wangu umetokana na pasi ya kuchomelea risasi. Nina meza moja, multimita mbili (moja imekufa upande wa ampea), makopo ya skrubu, na makabati matatu ya vitu ambavyo mke wangu anaviita takataka na mimi naviita spea. Ugomvi huo wa nyumbani kwangu ndio ninaowaletea leo, maana nimegundua hata sheria zetu hazijauamua.

Nitasema langu mapema, najua barua ndefu huishia kwenye faili. Katika jiji hili vifaa vingi vinakufa kwa kusubiri. Kompyuta ikishaondolewa mezani, hupita miaka kabla haijamfikia mtu anayeweza kuifufua, na miaka hiyo ndiyo inayoiua. Ukitazama makaratasi utaambiwa ilikufa kwa uchakavu.

Mwaka 2021 niliitwa na ofisi moja ya umma, sitaitaja, nikatengeneze amplifaya ya ukumbi wao wa mikutano. Nikiwa natafuta soketi yenye umeme wa uhakika nikapita mbele ya stoo iliyokuwa wazi. Kompyuta za mezani zimepangwa kama matofali, skrini juu yake, laptopu kwenye maboksi ya karatasi za fotokopi. Nilihesabu safu ya mbele tu, zikafika 34. Nikamuuliza mama aliyekuwa anatunza stoo hizo zina shida gani.

"Hizo zinasubiri kibali, fundi."

"Tangu lini, mama?"

"Mimi mwenyewe nimezikuta."

Nikamuomba nichomeke moja. Ilipiga mlio mmoja, feni ikazunguka, alama ya mtengenezaji ikatokea kwenye skrini. Haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imeondolewa kwa sababu bajeti ya mashine mpya ilipita mwaka ule. Mama yule akacheka, akasema, "Kumbe iko hai!" Tukaizima, nikarudi kwenye amplifaya yangu.

Mwaka 2024 amplifaya ileile ikaharibika tena (transista za kutolea sauti, kwa wanaojua), nikaitwa. Mama yule ameshastaafu, kijana mwingine ndiye mwenye funguo. Stoo ni ileile, matofali ni yaleyale. Safari hii niliruhusiwa kujaribu mashine kumi. Zilizoamka ni tatu.

Naomba niwaeleze kinachotokea humo ndani, kwa sababu kwenye vitabu vya uhasibu kompyuta iliyo stoo haifanyi lolote, imetulia tu. Haijatulia. Betri ya laptopu ni ya lithiamu, na hata ikiwa haitumiki inajimaliza polepole. Ikishuka chini ya kiwango fulani, saketi yake ya ulinzi inajifunga na haipokei tena chaji. Nyingine zinavimba mpaka zinapasua kasha na kuinua kibodi. Betri za risasi zilizo ndani ya UPS (kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), zile za volti 12, zikiachwa bila chaji miezi michache tu sahani zake zinaota ukoko mweupe na ndiyo basi. Kapasita zenye majimaji ndani zinakauka, na chini ya paa la bati la Dodoma mwezi wa Novemba zinakauka upesi. Mpira wa kuvuta karatasi kwenye printa unakuwa mgumu kama kwato. Halafu vumbi letu, ambalo hakuna asiyelijua. Halafu panya. Panya wa Dodoma anapenda nyaya kuliko anavyopenda mtama, nina ushahidi.

Kiti cha mbao ukikiweka stoo miaka mitano utakikuta kiti. Utaratibu wetu wa kuondosha mali chakavu unaichukulia kompyuta kama kiti.

Sipingi utaratibu wenyewe. Najua kwa nini upo. Mali ya umma isingekuwa na ukaguzi, kibali na mnada wa hadhara, kila bosi angehamia nyumbani na laptopu tatu na friji ya ofisi. Ninachouliza ni kwa nini ukaguzi hauanzi siku ileile kifaa kinapoondoka mezani. Kwa nini Mlipaji Mkuu asitoe waraka unaosema kifaa cha elektroniki kilichoondolewa kwenye matumizi kipimwe na kiamuliwe ndani ya siku 90? Kinachofanya kazi kiandikwe kinafanya kazi, kibovu kiandikwe kinaumwa nini. Leo hii orodha nyingi za mnada nilizosoma zina neno moja kwa kila kitu: "chakavu". Printa iliyokwama karatasi ni chakavu. Seva iliyoungua ni chakavu. Laptopu isiyo na chaja ni chakavu.

Kuhusu mnada nina maneno zaidi.

Kila Jumamosi kule Msalato kuna mnada wa mifugo. Anayekuja kununua mbuzi anamshika mbuzi, anamfungua mdomo kuangalia meno, anambonyeza mgongo, anapatana bei, anaondoka na mbuzi wake. Hakuna mfugaji anayekuambia ukitaka mbuzi huyu lazima uchukue na punda kilema, magunia mawili ya mkaa na baiskeli isiyo na gurudumu. Sasa tazameni mnada wa mali chakavu niliouhudhuria. Loti, yaani fungu, namba fulani: kompyuta 41, viti 60, matairi, makabati ya chuma, jenereta isiyo na injini. Robo ya bei papo hapo, inayobaki ndani ya siku 14, na mzigo wote uondolewe kwa gharama ya mnunuzi. Mimi nilikuja na laki nne mfukoni nikitaka kompyuta tano. Hakuna aliyenizuia kuingia, ila hakukuwa na namna ya kununua.

Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Simlaumu, ana mizani na ana lori. Alinunua kwa akili ya kilo, kwa hiyo alitumia kwa akili ya kilo. Siku mbili baadaye vijana wake walikuwa wanavunja makasha kwa nyundo: chuma huku, aluminiamu ya vipoza joto huku, nyaya za shaba huku, bodi kwenye viroba. Nikanunua kwake ramu 11 na pawasaplai nne. Mtakubali kwamba kuna kitu hakiko sawa ikiwa mtu anayetaka kompyuta inabidi asubiri kwanza ivunjwe.

Ombi langu hapa ni dogo. Vifaa vya elektroniki vitolewe kwenye loti za viti na matairi. Viuzwe kimoja kimoja au vitano vitano, siku ya wazi, kukiwa na soketi yenye umeme ili mnunuzi ajaribu. Nina hakika Serikali itapata fedha nyingi zaidi kuliko za kilo, maana mashine iliyowaka mbele ya macho ya watu ina bei yake. Na kabla ya kuuzwa, shule za sekondari za kata zipewe nafasi ya kwanza. Kuna shule Bahi, Chamwino, Chemba na Kondoa ambako mtoto anaijua kibodi kwa kuichora kwenye daftari.

Jambo hili lina haraka yake hapa Dodoma kuliko mkoa mwingine wowote. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma, na Aprili 2018 mji wetu ukapewa hadhi ya jiji. Wizara zikaja, ofisi zikafunguliwa, Mji wa Serikali wa Mtumba ukajengwa. Vifaa vingi vilinunuliwa ndani ya kipindi kimoja. Maana yake mashine za jiji hili ni kama watoto wa darasa moja, zinazeeka pamoja. Na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, programu inayoendesha kompyuta nyingi za ofisi. Toleo linalofuata, Windows 11, linadai kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta iliyonunuliwa 2016 au 2017 kwa kawaida haifikii hapo. Inawaka, inaandika barua, inafungua jedwali la mishahara, lakini imehesabiwa imekufa kwa sababu ya programu.

Ofisi zenye taarifa nyeti zina haki ya kuziacha mashine hizo, sibishani hapo. Lakini mashine isiyofaa Wizarani inaweza kufaa sana darasani. Ukiitoa diski ya zamani ukaweka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), ukaongeza ramu ifike gigabaiti 8, ukaweka Linux, programu ya kuendeshea kompyuta ambayo haiulizwi leseni, mwanafunzi wa kidato cha pili ataitumia miaka mingine mitano bila kujua kwamba ilishaandikiwa cheti cha kifo. Nimefanya hivyo kwa mashine za watu binafsi mara nyingi, na waliorudi na malalamiko wengi wao walilalamika kwamba michezo fulani haiingii. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina wataalamu wa kuandaa toleo moja la programu huria kwa ajili ya shule, lenye Kiswahili, likakaa kwenye flashi kwa fundi yeyote kulisimika. Sisi mafundi kila mmoja anasimika analolijua, na mwalimu akihama shule anajifunza upya.

Sasa diski. Hapa ndipo nia njema inapovunja vitu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, ofisi nyingi zimekuwa na hofu ya kutoa mashine yenye kumbukumbu za watu. Hofu hiyo ni sahihi. Mimi mwenyewe nimewahi kununua kompyuta ya mtumba nikakuta ndani yake majina na vipimo vya wagonjwa, nikaifuta usiku uleule bila kumwambia mtu. Lakini dawa iliyochaguliwa ni nyundo. Diski inang'olewa pamoja na kitanda chake na skrubu zake na waya wake, wakati mwingine na kipande cha kasha, halafu inapondwa. Kwenye baadhi ya laptopu za kisasa kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo inapondwa bodi nzima. Basi imeisha.

Kuna njia nyingine na wataalamu wenu wanaijua. Diski ya kuzunguka ikiandikwa upya yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, yaliyokuwemo hayarudi kwa ufundi wowote wa Majengo wala wa Kariakoo. SSD ina amri yake ya kujifuta yenyewe. Kinachokosekana ni karatasi, yaani cheti kinachosema diski yenye namba hii ilifutwa tarehe hii na afisa huyu, kwa njia inayotambuliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Afisa TEHAMA akiwa na cheti hicho halali na hofu. Asipokuwa nacho, nyundo ndiyo salama yake, na mimi ningekuwa yeye ningeshika nyundo vilevile.

Yapo na mambo madogo yanayoua mashine nzima, naona aibu hata kuyaandikia barua ya wazi lakini ngoja niyaseme. Nywila ya BIOS: afisa aliyeiweka amehamishiwa Kigoma, hakuna aliyeiandika, mashine inafika kwangu nzuri kabisa na haipiti skrini ya kwanza. Chaja: laptopu 20 zinaingia mnadani, chaja zote ziko kwenye droo za watu. Rimoti ya televisheni. Funguo ya fotokopi. Mtu mmoja aambiwe kwamba kifaa kikiondoka mezani kinaondoka na vyake vyote.

Nije NEMC, na hapa nitakwenda taratibu kwa sababu nakubaliana nanyi kuliko mnavyodhani.

Kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki zilikuja wakati muafaka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi ni asilimia 22.3 tu. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari kati ya nchi, unataka taka zote za aina hii, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Naunga mkono. Sitaki mtu alete Dodoma kontena la mizoga kutoka ng'ambo akiita msaada.

Lakini rudini kwenye makabati yangu matatu. Humo kuna bodi za televisheni, pawasaplai zilizoungua nusu, skrini zenye mstari, mota za feni. Televisheni ikiletwa na kioo kimepasuka, haina maisha tena, tunaichinja kama wanavyosema wenzetu wa gereji, na viungo vyake vinaokoa nyingine. Bodi moja ya inchi 32 imeshaokoa televisheni nne kwenye kibanda changu. Je, ile bodi ni taka au ni spea? Kama ni spea, mimi ni fundi mwenye leseni ya biashara. Kama ni taka, kuikusanya, kuihifadhi na kuisafirisha kunahitaji kibali, na mimi nina makabati matatu ya makosa. Nimewauliza watu wa ofisi tofauti nikapata majibu tofauti, kila mmoja akijibu kwa upole. Fundi asiyejua jibu anafanya nini? Anatupa usiku. Bodi zinaishia korongoni, au zinaingia kwenye gari la taka la kawaida mpaka dampo la Chidaya, zikichanganyika na maganda ya ndizi.

Andikeni mstari mmoja tu unaosema kifaa au sehemu ya kifaa iliyo mikononi mwa fundi anayetambulika, kwa kiasi kisichozidi kilo fulani, ni spea mpaka yeye mwenyewe aitangaze kuwa taka. Na akiitangaza, pawepo mahali pa kuipeleka. Sasa hivi hapa jijini fundi mdogo akiwa na kiroba cha betri zilizovimba hana pa kukipeleka bila gharama, na betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa inawaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Kontena moja la chuma katika kila soko kubwa, Majengo, Sabasaba, Soko la Job Ndugai, lingetosha kwa kuanzia. Jiji mna makontena, nimeyaona.

Na sisi mafundi si malaika. Nimeona wenzangu wakichoma nyaya nyuma ya vibanda ili plastiki itoke ibaki shaba, moshi mweusi unaingia kwa mama ntilie. Nimeona fundi friji akifungua bomba na kuiachia gesi yote hewani kwa sababu hana mashine ya kuivuta. Mimi mwenyewe nimevuta moshi wa risasi miaka mingi bila feni. Lakini linganisheni hasara. Televisheni ya chogo ikifika kwa fundi, anaitengeneza. Ikifika kwa mnunuzi wa vyuma, kijana anaipiga jiwe shingoni apate ile koili ya shaba, na kioo, ambacho kina madini ya risasi ndani yake, anakiacha hapohapo chini ambapo kuku wanadonoa.

Nikishataja chogo, nikumbushe kitu. Mwanzoni mwa mwaka 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dodoma, watu waliambiana televisheni za chogo zimekwisha. Wengine walizitoa nje siku hiyohiyo. Kumbe king'amuzi na nyaya tatu za rangi, njano, nyeupe na nyekundu, zilitosha. Zile televisheni ziliendelea kuonyesha mpira na taarifa ya habari kwa miaka. Siku zile nilikuwa nakunja nyaya mpaka usiku. Wafanyabiashara waliotangaza kifo chake walikuwa na vioo vipya dukani.

Hizo za zamani zilikuwa na adabu moja. Ukifungua mgongo wa redio au televisheni ya zamani ulikuta ramani ya saketi imebandikwa ndani, mtengenezaji anakuambia fundi, njia ni hii. Vifaa vya leo havina ramani, vina gundi. Betri ya simu imegundishwa, skrini imegundishwa, na spea halisi hatuuziwi. Taa za ndani za televisheni, zile stripu za LED, ndizo zinazoharibika sana kwenye televisheni bapa, na ni kitu cha bei ndogo, lakini kwa chapa mpya za bei rahisi huwezi kuagiza kwa jina la modeli, unabahatisha urefu na idadi ya taa. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 umepitisha sheria ya haki ya matengenezo inayowabana watengenezaji watoe spea na maelezo kwa baadhi ya vifaa. Sisi hatuna ubavu wa Ulaya, lakini anayeingiza televisheni 2,000 nchini anaweza kuulizwa bandarini: spea zake ziko wapi?

TCRA, ninyi nina mambo mawili nanyi.

La kwanza, simu mbovu. Fundi simu anaishi kwa kununua simu zilizokufa ili atoe spea. Mwenzangu mmoja alinunua simu isiyowaka kwa 15,000, akatoa tachi na sistimu chaji, bodi akaiweka koponi. Kumbe simu iliibwa. Alilala mahabusu siku mbili, na alipotoka aliapa hatanunua tena simu mbovu kwa mtu. Tangu hapo mteja akija na simu iliyokufa anamwambia arudi nayo nyumbani. Simu hizo ziko makabatini mwenu pia, Waheshimiwa, nina hakika, mbili au tatu kila nyumba. Mwaka 2016, simu bandia zilipozimwa, mlitufundisha kubonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenda 15090. Utaratibu huo unaweza kumlinda fundi: akituma namba kabla ya kununua, akahifadhi jibu na kuandika jina la muuzaji kwenye daftari, hiyo itambulike mbele ya polisi kwamba alifanya uangalizi. Simu isiyowaka mara nyingi namba yake utaikuta kwenye trei ya laini au mgongoni, kwa hiyo hilo si kikwazo.

La pili, leseni. Mnatoa leseni za ufungaji na matengenezo ya vifaa vya mawasiliano, na VETA wana mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Fundi wa kibandani anayetafuta kutambuliwa anazunguka: TIN, leseni ya biashara, cheti cha ujuzi, leseni ya mawasiliano, na sasa mazingira. Kila dirisha lina fomu yake na nauli yake. Unganisheni hayo yawe kitambulisho kimoja cha fundi, na hicho ndicho kiwe tiketi ya kuingia mnada ninaouomba, ya kununua simu mbovu, na ya kuhifadhi spea. Msipolifanya hilo, mliyoyasoma yote hapo juu yatawanufaisha wenye malori.

Vifaa vya mtumba vinavyotoka nje nitavigusa kidogo tu. Si kila kinachoitwa msaada kinafaa. Umeme wetu ni volti 230, na kuna vifaa vinakuja kutoka nchi zinazotumia volti 100 au 120. Ukichomeka bila transfoma unasikia mlio mmoja halafu harufu. Friji kuukuu zenye gesi zilizopigwa marufuku zibaki hukohuko. Shirika la Viwango (TBS), kazeni hapo hapo. Ninachopigania mimi ni vifaa ambavyo vimeshaingia, vimeshalipiwa kodi, na viko kilomita tano kutoka kibandani kwangu nyuma ya kufuli.

Naomba basi tufanye jaribio, halihitaji waraka wala bajeti. Ofisi yoyote kati ya zilizotajwa juu ya barua hii ichague mashine kumi kutoka stoo yake, zile mbaya kuliko zote. Afisa TEHAMA azifute diski kwanza, au azitoe kabisa, nitaleta zangu. Mniletee kwa hati ya makabidhiano yenye namba za mashine. Nitazipima mbele ya mtu wenu, nitaandika kila moja inaumwa nini na itagharimu kiasi gani, na zitakazoamka nitaziwekea Linux bila kudai fedha ya ufundi. Mtachagua wenyewe shule ya kuzipeleka. Zisizoamka nitawarudishia zikiwa kamili, hata skrubu haitapungua, ingawa kuna pawasaplai nitakazozitamani.

Kibanda kinafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumapili baada ya ibada. Jumamosi msije, nitakuwa Msalato.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa redio, televisheni na kompyuta,
Majengo, Dodoma.